Alama Duni, Mshahara Palepale: Tathmini ya Utendakazi Inavyogusa Nyongeza ya Mfanyakazi wa Kaunti

Katika ofisi nyingi za serikali, mwezi wa Juni una dalili zake. Fomu za tathmini ambazo hazijaguswa tangu mwaka uliotangulia hutolewa kabatini, wasimamizi hufuatwa hadi mikutanoni, na sahihi zilizofaa kutiwa mwaka mzima hutiwa alasiri moja. Baada ya hapo fomu husahaulika. Hukumbukwa siku mfanyakazi anapoitazama hati yake ya mshahara na kukuta mshahara wa kimsingi ni ule ule wa mwaka jana, ilhali mwenzake aliyeajiriwa naye siku moja amepanda hatua.

Mkazi anaweza kudhani hayo ni mambo ya ndani ya ofisi. Sivyo. Muuguzi wa zahanati, mwalimu wa chekechea, afisa wa kilimo nyanjani, mkaguzi wa afya ya umma sokoni na karani anayepokea ada za leseni za biashara wote hulipwa kwa pesa za umma, na wote wanapaswa kupimwa kila mwaka kwa kazi waliyowafanyia wakazi. Tena nyumba nyingi katika kaunti zina mtu ambaye mshahara huo ndio unaolipa karo. Ni vyema basi kujua fomu hiyo ina uzito gani, na uzito huo unaishia wapi.

Hatua moja kila mwaka

Mfanyakazi wa umma aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu hapewi mshahara wa kiasi kimoja kisichobadilika. Kila gredi ya kazi ina ngazi yake ya mshahara: kima cha chini, kima cha juu, na hatua kadhaa katikati. Mwaka wake wa kazi ukitimia, afisa husogezwa hatua moja juu, na huendelea hivyo hadi afike kileleni mwa ngazi. Hatua hiyo ndiyo nyongeza ya kila mwaka.

Nyongeza hii huchanganywa mara nyingi na mambo mawili mengine. La kwanza ni mapitio ya mishahara, ambapo ngazi nzima hupandishwa kwa watumishi wote wa gredi fulani. Hayo hufuata ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC), ambayo kwa mujibu wa Kifungu cha 230 cha Katiba huishauri serikali ya kitaifa na zile za kaunti kuhusu malipo ya watumishi wa umma. La pili ni kupandishwa cheo, yaani kuhama kutoka gredi moja hadi nyingine. Nyongeza ya mwaka ni ya mtu binafsi na haimhamishi gredi. Huonekana kama jambo la kawaida hivi kwamba wengi huidhani kuwa haki inayokuja yenyewe kama mvua ya masika. Lakini katika taratibu za utumishi wa umma, hatua hiyo hutarajiwa kwa mtu ambaye kazi yake imeridhisha, na kunyimwa nyongeza ni mojawapo ya adhabu zinazotambuliwa.

Alama hupatikanaje

Kupima kazi ya serikali kwa malengo si jambo la jana. Kandarasi za utendakazi zilianza nchini mwaka wa 2004 kwa majaribio katika mashirika 16 ya umma, na mwaka wa 2006 mfumo wa kumtathmini kila mtumishi mmoja mmoja ukaanzishwa. Ugatuzi ulipokuja, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika sehemu ya 47, iliitaka kamati kuu ya kila kaunti iandae mpango wa kusimamia utendakazi. Sheria hiyo hiyo iliipa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti jukumu la kushauri kuhusu utekelezaji wa mfumo huo.

Kipindi cha tathmini hufuata mwaka wa fedha, Julai 1 hadi Juni 30. Mwanzoni, mfanyakazi na msimamizi wake huketi na kukubaliana malengo yanayotokana na mpango kazi wa idara. Katikati ya mwaka hukaa tena kuangalia yaliyofanyika na yaliyokwama. Mwishoni, matokeo hulinganishwa na malengo na alama hutolewa. Anayevuka asilimia 100 ya malengo huhesabiwa kuwa bora. Anayefikia asilimia 100 ni mzuri sana. Asilimia 80 hadi 99 ni nzuri. 60 hadi 79 ni wastani. Na 59 kushuka chini ni duni. Fomu huangalia pia maadili na weledi, lakini malengo ndiyo yanayobeba mzigo.

Katika mikutano hiyo mitatu, ule wa katikati ndio unaodharauliwa zaidi, na ndio unaoweza kuokoa mshahara wa mtu.

Mfano wa afisa wa kilimo katika wadi moja unatosha kulieleza hili. Mwezi wa Julai alikubaliana na msimamizi wake kwamba kufikia Juni atakuwa ametembelea mashamba 240. Ahadi hiyo ilitolewa pikipiki ya ofisi ikiwa nzima na mafuta yakipatikana. Oktoba pikipiki ikaharibika. Barua ya kuomba vipuri ikaandikwa, au labda ilisemwa tu kwa mdomo koridoni, na pikipiki ikabaki chini ya mwembe. Afisa akaendelea kwa miguu na kwa bodaboda za kujilipia. Juni ilipofika, alikuwa amefika kwenye mashamba 132.

Mia moja thelathini na mbili kati ya 240 ni asilimia 55. Hiyo ni alama duni.

Sasa mtazame afisa huyo huyo, pikipiki ile ile na mashamba yale yale 132, lakini katika mapitio ya nusu mwaka yeye na msimamizi waliandika kwamba usafiri umekosekana tangu Oktoba, na lengo likapunguzwa hadi mashamba 150. Alama yake inakuwa asilimia 88, nayo ni nzuri. Hakufanya kazi zaidi wala kidogo. Tofauti ya pointi 33 imetokana na ukurasa mmoja uliojazwa Januari na kutiwa sahihi na watu wawili.

Hili halimaanishi kwamba kila visingizio viandikwe. Ikiwa pikipiki ilikuwa nzima na mafuta yalikuwepo, wakulima 108 ambao hawakufikiwa wana kila sababu ya kuuliza, na alama duni inamfaa. Fomu ipo ili kutenganisha hali hizi mbili. Ikijazwa usiku mmoja wa Juni, haiwezi kuzitenganisha. Mzembe na aliyenyimwa vifaa huonekana sawa.

Wapo pia wafanyakazi ambao mwaka wao haukuwa mzima. Aliyechukua likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ambayo Sheria ya Ajira inampa pamoja na mshahara kamili, hafai kupimwa kwa malengo ya miezi 12. Aliyehamishwa katikati ya mwaka ajitahidi kupata tathmini ya kituo anachotoka kabla hajafunga mizigo, maana msimamizi mpya hawezi kushuhudia kazi ambayo hakuiona, na yule wa zamani akishaondoka naye, ni vigumu kumpata aandike.

Kutoka kwenye fomu hadi kwenye mshahara

Alama duni haikati mshahara wa mtu papo hapo. Hatua ya kwanza inayotarajiwa ni msaada: mpango wa kuboresha utendakazi, wenye muda maalumu, unaoonyesha mapungufu yako wapi na nani atafanya nini kuyarekebisha. Huenda mtu anahitaji mafunzo, au yuko katika kazi asiyoiweza, au ana tatizo la afya au la familia ambalo ofisi haikulijua. Hali isipobadilika baada ya msaada huo, ndipo adhabu huzungumziwa, kuanzia onyo, kuguswa kwa nyongeza ya mwaka, hadi hatua nzito zaidi.

Ni muhimu kuelewa nani ana uwezo wa kuamua. Msimamizi hutoa alama na maoni. Hana mamlaka ya kuiandikia ofisi ya mishahara isimamishe nyongeza ya mtu aliye chini yake. Uwezo wa nidhamu katika kaunti uko mikononi mwa Bodi ya Utumishi wa Umma na maafisa waliokabidhiwa sehemu ya mamlaka hayo, na kwa kawaida suala hupitia kwenye kamati ya ushauri ya rasilimali watu kabla ya uamuzi. Anayekuta nyongeza yake imesimama bila barua yoyote ana haki ya kuuliza ni nani aliyeamua, lini, na kwa sababu gani.

Katika lugha ya nidhamu ya utumishi wa umma, kuna kuzuia nyongeza, kuna kuisimamisha na kuna kuiahirisha. Maneno hayo yanafanana masikioni, lakini mfukoni hayafanani. Barua inapofika, mfanyakazi aangalie mambo mawili: adhabu ni ya muda gani, na baada ya muda huo kuisha, je, tarehe yake ya nyongeza inarudi pale ilipokuwa au imesogezwa mbele kwa miaka yote inayofuata?

Chukulia kwamba mshahara wa kimsingi ni Sh32,000 na hatua moja ni Sh1,200 kwa mwezi. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila gredi ina zake. Nyongeza ikizuiwa kwa miezi sita kisha ikarudishwa katika nafasi yake, afisa amepoteza Sh7,200, na habari imeishia hapo. Lakini tarehe ikiahirishwa kwa mwaka mmoja, na za miaka inayofuata zikasogea pamoja nayo, afisa huyo atakuwa hatua moja nyuma ya mwenzake kila mwaka. Hiyo ni Sh14,400 kwa mwaka. Baada ya miaka mitano ni Sh72,000, na baada ya miaka kumi ni Sh144,000, yote kwa sababu ya mwaka mmoja mbaya. Pengo hilo huzibika tu mwenzake anapofika kileleni mwa ngazi na kusubiri hapo.

Wengine husema Sh1,200 ni pesa kidogo, hasa baada ya kodi, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba. Ni kweli kwamba mkononi haifiki yote. Lakini mshahara wa kimsingi hufanya kazi zaidi ya ile inayoonekana mwisho wa mwezi. Michango ya pensheni, ya mfanyakazi na ya mwajiri, hukokotolewa kwayo, kwa hiyo hatua iliyopotea leo hufuata mtu hadi kustaafu. Benki na vyama vya akiba na mikopo navyo huitazama hati ya mshahara kabla ya kutoa mkopo, na kwa kuwa Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara, mtu aliye karibu na kikomo hicho anaweza kukataliwa mkopo wa karo kwa upungufu wa mia chache tu. Marupurupu ya nyumba hayaguswi, maana kwa kawaida hupangwa kwa gredi na mahali pa kazi.

Alama pia huathiri mengine yasiyo na tarakimu. Katiba, katika Kifungu cha 232, inataka uteuzi na upandishaji vyeo uzingatie ushindani wa haki na sifa. Bodi inapowapanga watu watano wanaoomba nafasi moja, tathmini za miaka iliyopita ni kati ya karatasi zinazofunguliwa. Mfanyakazi mpya aliye katika kipindi cha majaribio anaweza kuchelewa kuthibitishwa kazini kwa sababu hiyo hiyo.

Asiyesikizwa hahukumiwi

Kifungu cha 236 cha Katiba kinamlinda mtumishi wa umma asifukuzwe, asishushwe cheo wala asichukuliwe hatua nyingine ya nidhamu bila utaratibu wa kisheria kufuatwa. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya kiutawala inapomwathiri vibaya. Yakiletwa ofisini, maneno hayo yana maana nyepesi: mfanyakazi aandikiwe anachotuhumiwa, apewe muda wa kujibu, asikizwe, kisha apewe uamuzi na sababu zake. Suala likifikia kuachishwa kazi kwa ajili ya utendakazi duni, sehemu ya 41 ya Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aeleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, na imruhusu awe na mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua.

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nayo imekuwa ikiuliza maswali yale yale katika kesi za utendakazi duni: Je, kulikuwa na malengo yanayofahamika? Kulikuwa na njia ya kuyapima? Mfanyakazi aliambiwa anapungukiwa wapi, na alipewa nafasi ya kujirekebisha? Mwajiri asiye na majibu huwa na kibarua kigumu.

Hapa pana funzo kwa wasimamizi pia, na pengine wao ndio wanaolihitaji zaidi. Iko tabia ya kumpa kila mtu alama nzuri sana ili kuepuka ugomvi. Huonekana kuwa wema. Kisha siku moja msimamizi anachoshwa na mfanyakazi anayefika saa nne na kuondoka saa saba, anaandika ripoti kali na kutaka nyongeza yake izuiwe. Faili ikifunguliwa inaonyesha miaka mitatu mfululizo ya alama nzuri sana, zenye sahihi ya msimamizi yule yule. Adhabu ya namna hiyo haiwezi kusimama. Na wakati huo wote, mfanyakazi aliyefika saa mbili na kubaki hadi wagonjwa waishe kwenye foleni alikuwa akipata alama sawa na mwenzake huyo. Wa kulalamika kwanza ni yeye, ingawa kwa kawaida hunyamaza.

Mfanyakazi asiyekubaliana na alama yake asikatae kutia sahihi na kuondoka kwa hasira. Fomu ina nafasi ya maoni yake. Aandike kwamba hakubaliani, aeleze kwa nini, aambatishe ushahidi alio nao, kisha atie sahihi na kuweka nakala. Mahali pa ushahidi ni faili anayoijaza mwaka mzima: rejista ya wakulima aliowatembelea, ripoti za mwezi, barua za kuomba vifaa zenye muhuri wa kupokewa. Iwapo faili yake ya ofisini ina jambo lisilo la kweli, Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kutaka lirekebishwe.

Baada ya uamuzi wa Bodi au wa afisa mwenye mamlaka ya nidhamu, mlango unaofuata ni rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, jijini Nairobi. Sehemu ya 77 ya Sheria ya Serikali za Kaunti inairuhusu Tume kusikiza rufaa kuhusu mishahara na masharti ya kazi pamoja na nidhamu. Rufaa iwe kwa maandishi, na iwasilishwe ndani ya siku 90 tangu uamuzi ulipotolewa. Tume inaweza kukubali iliyochelewa ikiwa kuna sababu ya kutosha, lakini si busara kutegemea huruma hiyo. Wapo wanaokimbilia mahakamani moja kwa moja. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inataka njia ya rufaa imalizwe kwanza, na kesi kadhaa zimetupwa kwa kuruka hatua hiyo, muda na ada ya wakili vikiwa vimeshapotea.

Si kila nyongeza iliyokosekana ni adhabu

Kabla ya kumlaumu msimamizi, mfanyakazi achunguze mambo mengine. Huenda amefika kileleni mwa ngazi ya gredi yake, ambako hakuna hatua nyingine hadi apandishwe cheo au ngazi ipitiwe upya. Huenda tarehe yake ya nyongeza bado haijafika, kwa kuwa tarehe hizo hutofautiana kati ya mtumishi na mtumishi na zinaweza kubadilika mtu anapopanda cheo. Walio kwa kandarasi ya muda mfupi na vibarua hulipwa kulingana na makubaliano yao. Na makosa ya uingizaji data katika mfumo wa mishahara hutokea. Hayo husahihishwa na ofisi ya rasilimali watu, na kilichopaswa kulipwa hulipwa kama malimbikizo.

Mishahara inayochelewa kwa sababu mgao wa kaunti haujafika kutoka Hazina ya Kitaifa ni jambo jingine kabisa na haina uhusiano na alama za mtu.

Swali moja huulizwa sana katika vikao vya bajeti: je, kaunti haiwezi kunyima watu nyongeza ili kupunguza gharama ya mishahara? Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zimeweka kikomo cha mishahara kuwa asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti, na kaunti nyingi hupata taabu kukaa ndani ya kikomo hicho. Hata hivyo, kikomo hicho hakimpi mkuu wa idara ruhusa ya kushusha alama za watu ili pesa zibaki. Alama hupima kazi. Gharama ya mishahara hudhibitiwa kwa njia zake: kuajiri kwa mpango, kuondoa wafanyakazi hewa kwenye orodha ya malipo, na kupanga bajeti kulingana na watumishi waliopo.

Sauti ya mkazi

Mkazi hajazi fomu ya tathmini, na hawezi kuitisha faili ya muuguzi au karani asome alama zake. Hizo ni taarifa binafsi za mfanyakazi. Lakini ana nafasi mbili ambazo hazitumiwi vya kutosha.

Ya kwanza ni malalamiko na pongezi kwa maandishi. Mkulima ambaye hajamwona afisa wa kilimo msimu mzima huishia kunung'unika kwenye baraza la chifu, na manung'uniko hayawezi kuwekwa kwenye faili. Barua fupi kwa msimamizi wa wadi au kwa mkuu wa idara, yenye tarehe, mahali na huduma iliyokosekana, inaweza. Kinachofaa kulinganishwa nacho ni mkataba wa huduma uliobandikwa ukutani mwa ofisi, unaosema huduma ipi itolewe kwa muda gani na kwa ada gani. Pongezi nazo zina kazi. Mama aliyehudumiwa vizuri usiku wa manane katika zahanati akiandika mistari mitatu, muuguzi huyo ana ushahidi ambao msimamizi aliyekuwa nyumbani kwake usiku huo hangeweza kumpa. Idara isipojibu malalamiko, mkazi anaweza kuyapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama ofisi ya Ombudsman.

Ya pili ni ripoti za utendakazi za kila mwaka. Chini ya sehemu ile ile ya 47, gavana huwasilisha ripoti za kamati kuu na za utumishi wa umma wa kaunti kwa bunge la kaunti, nazo ni hati za umma. Hazitaji alama za mtu mmoja mmoja, lakini zinaonyesha idara iliahidi nini na ilitimiza nini. Mkazi anayesoma kwamba idara fulani ilifikia nusu ya malengo yake anaweza kumuuliza mwakilishi wadi wake swali moja linalofaa: ikiwa idara ilipata nusu, ilikuwaje wafanyakazi wake wote wakapata alama nzuri sana? Au kinyume chake: ikiwa wafanyakazi waliadhibiwa, pikipiki, dawa na mafuta vilifika kwa wakati?

Malengo ya mwaka mpya huwekwa mwanzoni mwa Julai. Mfanyakazi ambaye hajaitwa na msimamizi wake kufikia wakati huo anaweza kuomba kikao mwenyewe, kwa barua, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Maswali kuhusu fomu, tarehe ya nyongeza au mpango wa kuboresha utendakazi hujibiwa katika ofisi ya rasilimali watu ya kila idara, na ya rufaa katika ofisi ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti.